Mgeni wa Sentimita Mbili

Katika chumba kile cha ushonaji, chenye vyerehani viwili, meza moja ya kukatia na kioo kilichopasuka kona kiasi cha kumnyang'anya kila mteja sikio moja, palikuwa na sheria ambayo haikuwahi kuvunjwa: anayepima hutaja mwili, anayeandika huandika nguo. Tepu ikisema kifua ni tisini na mbili, daftari husema tisini na nane, maana mtu anunuaye gauni hutarajia pia kupumua. Kwenye vipande vidogo, kola, ukanda, mfuko wa shati, huongezwa sentimita moja na nusu ya mshono. Haisemwi. Huongezwa tu.

Sheria hiyo aliitunga mwenye chumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Futi kwa sababu tepu haikumtoka shingoni hata msibani. Aliyekuwa akiandika ni wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyeletwa pale miaka tisa nyuma ili "ajifunze kazi asizurure". Mwaka wa kwanza wifi aliandika mwili kama ulivyo, na magauni matatu yakakatwa yakawabana wenyewe kama maganda ya ndizi. Bi Futi alimchapa na tepu vidoleni.

"Hapa hatuandiki mwili, wifi! Mwili kauandika Mungu, hajaomba msaada. Sisi tunaandika nguo!"

Wifi alielewa. Baada ya miezi michache mkono wake uliongeza wenyewe, bila kumshirikisha mwenye mkono, kama mtu anavyomeza mate.

Bi Futi alikuwa pia na msemo wake, nao ulijulikana kuliko sheria. Kila mwaka mwanamke mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mama Misumari, alikuja kulalamika kwamba gauni limembana.

"Umenipima vibaya, Bi Futi. Nguo yangu imenywea kabla ya kufuliwa."

Bi Futi hakubishana. Alifungua daftari, akaweka kidole penye namba, na penye sahihi ya Mama Misumari mwenyewe. Kila mteja alitia sahihi ukurasa wake kabla mkasi haujagusa kitambaa, ili kesho asije akaruka kimanga.

"Soma mwenyewe, mama. Daftari halinenepi. Kama kuna kilichonenepa, tukitafute kwingine."

Watu walicheka, Mama Misumari naye alicheka, kisha alilipia kupanuliwa.

Uvimbe wake Bi Futi aliugundua akiwa kazini. Alikuwa na mazoea ya kubandika kijimto cha pini kwenye blauzi, kifuani upande wa kushoto, na siku hiyo alipochomeka pini kijimto kiligoma kubonyea. Alidhani ni kifungo. Aliingiza mkono ndani, akakuta kifungo chenyewe kiko chini ya ngozi, kigumu kidogo, kinateleza kikiguswa kama gololi kwenye mfuko wa mtoto. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimaliza kushona pindo alilokuwa nalo, kwa kuwa lilikuwa la mtu, kisha akakaa.

Hospitalini alipokewa na daktari mama mmoja mfupi, mwenye miwani na asiye na haraka, jambo lililowatia wagonjwa wasiwasi. Alimpima kwa mashine ya ultrasaundi, akachukua kinyama kwa sindano, akampa tarehe ya kurudi. Wiki mbili hizo Bi Futi alishona sare kumi na moja na kuzifumua nne.

"Si saratani," daktari alisema kabla hajakaa vizuri. "Nimeanza na hilo ili mengine uyasikie. Ni uvimbe wa nyuzi na tezi, wanawake wengi wa umri wako wanao na wengine hawajui. Wako una sentimita mbili."

"Sasa mtanipasua lini?"

"Nani kakwambia unapasuliwa?" Daktari alivua miwani. "Sikiliza. Ungekuwa umejaa maji, ningeyanyonya kwa sindano ungerudi kazini leo. Wako ni mgumu, hauna maji. Kama unakukera, hospitali kubwa wana sindano ya baridi kali, wanaugandisha mle mle ndani, unanywea polepole. Wana nyingine nene ya kuunyonya vipande vipande kupitia tundu dogo, na ganzi ya hapo hapo tu. Kama haukukeri, kuna njia ya tatu, na kwako ndiyo ninayoipenda: tunauacha."

"Tunauacha?"

"Tunauangalia. Unarudi baada ya miezi sita, mashine inaupima tena. Wengi hukaa walivyo, wengine hupungua. Ukikua sana, ukibadilika sura, ngozi ikivutwa, chuchu ikitoa damu, usingoje tarehe, njoo siku hiyo hiyo. Titi likiuma kidogo karibu na siku zako, vaa sidiria inayoshika. Wewe si fundi? Jishonee."

"Na mimi nyumbani nifanye nini?"

"Mara moja kwa mwezi, siku zako zikishaisha, pitisha vidole. Basi. Usiubonyezebonyeze kila saa kama embe la sokoni. Na kupima niachie mimi na mashine yangu."

Aliandika kwenye kadi: sm 2. Bi Futi alitoka akiwa mwepesi. Kungoja alikuwa anakujua. Alikuwa ameishi kwa kuwaambia watu waje Ijumaa. Na mkasi alikuwa anaujua zaidi: kitambaa ambacho hakijakatwa kina kesho, kilichokatwa kina lawama tu. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Rangi ya nyumba ilichaguliwa na mumewe, shule ya binti ilichaguliwa na mama mkwe, hata huyo wifi aliletwa bila yeye kuulizwa. Hili la titi lake lilikuwa la kwanza aliloamua peke yake. Aliamua lisikatwe.

Nyumbani habari njema ilipokelewa vibaya. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwema aliyeamini kwamba kila swali lina jibu na kwamba jibu linapigiwa mstari chini.

"Kwa hiyo wamekupa dawa gani?"

"Kungoja."

"Hiyo si dawa, mama. Hiyo ni foleni."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Hospitali ikikosa dawa inakwambia ungoje. Mimi niliambiwa ningoje na jino. Liko wapi leo?"

Jirani alileta mafuta ya kuchua. Shangazi wa mume alileta vitunguu saumu na amri ya kumeza vitatu alfajiri. Wote walikubali kwamba si saratani, na wote walishusha sauti Bi Futi alipoingia. Mgonjwa asiyekatwa wala kunywa dawa ni aibu kwa familia, watu watasema hakuhangaikiwa. Bi Futi aligundua kwamba angekuwa anakufa wangemwelewa upesi zaidi.

"Miezi sita," alisema. "Ukikua, nakatwa, sitabisha. Usipokua, mniache."

"Tumekubaliana," Mwalimu alisema, na nusura apige mstari chini.

Hapo ndipo fundi alipomshinda mgonjwa. Daktari alisema vidole, lakini vidole kwa mtu aliyeishi na tepu shingoni ni uvumi tu. Mwezi wa kwanza ulipotimia alifunga mlango wa chumba cha ushonaji, akapanda juu ya meza ya kukatia, akalala kama kitambaa. Alishika chaki ya fundi, akaupapasa uvimbe, akaweka alama huku, akaweka alama kule.

"Wifi, soma hapo kati ya alama za chaki. Andika."

"Nikutajie?"

"Ole wako! Andika, usiniambie. Nikijua namba nitashona mikono ya mashati kwenye suruali."

"Niandike jina gani? Wateja wanapekuapekua daftari, unawajua."

Bi Futi alifikiri akiwa ameangalia dari. "Andika Mgeni."

Wifi aliweka tepu, akasoma, akageukia daftari, akaandika. Alikuwa mwangalifu, mwenye mapenzi na wifi yake, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwezi wa pili wakafanya hivyo hivyo, na wa tatu. Ilikuwa kama ibada ya wawili. Bi Futi alishuka mezani akijipangusa chaki, wifi akafungua mlango, wateja wakaingia. Kila mwezi vidole vya Bi Futi vilimwambia ni gololi ile ile, naye kila mwezi alijibu kwamba vidole havina macho.

Mwalimu alisubiri miezi yake sita kwa uungwana, ukiacha utani.

"Mgeni siku mbili," alisema mezani, maana jina alishalipata kwa dada yake, "siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako tunamlisha mwezi wa tano sasa."

"Anakula kwako?"

"Anakula usingizi wangu."

Tarehe ilipofika walikwenda wote watatu, mume, mke na wifi. Mwalimu alibeba bahasha ya kaki ya shule. Daktari mama hakuwepo, alihamishwa. Mahali pake alikaa kijana mrefu mwenye macho mekundu ya zamu, na nje ya mlango wake watu arobaini. Mashine ya ultrasaundi ilikuwepo, imefunikwa shuka. Ilikufa mwezi uliopita na ilikuwa inasubiri kipuri.

Yule daktari hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kusimulia kama angekuwa mbaya. Aliosha mikono, akapapasa, akasoma kadi.

"Ulikuwa sentimita mbili. Leo mimi naona mbili, labda tatu, vidole si rula. Naweza kuwaandikia mkapime hospitali nyingine, foleni yake ni kama wiki tatu. Mmewahi kuona umekua?"

"Mimi naona uko vile vile," alisema Bi Futi.

"Anaona," Mwalimu alisema, "lakini kumbukumbu zipo." Akafungua bahasha. Ndani lilikuwemo daftari la ushonaji. Alikuwa ameliomba kwa dada yake asubuhi, na dada yake, aliyefundishwa kwamba kaka haulizwi sababu, alikuwa amempa.

Bi Futi hakuwa amewahi kuufungua ukurasa ule. Aliuona sasa ukiwa kichwa chini, mikononi mwa mtu mwingine, katikati ya ukurasa wa sare za mapacha na ule wa Mama Misumari. Mgeni: 3½. Chini yake namba nyingine, mwezi kwa mwezi, mpaka mwezi wa sita.

Mwalimu alikuwa ameshafanya hesabu. "Kutoka mbili hadi tatu na nusu. Ongezeko la asilimia sabini na tano."

"Nani alipima?" daktari aliuliza.

"Mimi," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Na yeye."

"Mnajua kupima?"

Mwalimu alicheka, kicheko cha mtu anayemwonea fahari mkewe. "Daktari, huyu watu wanamlipa awapime."

"Lakini mimi…" Bi Futi alianza. Mkono wake ulikuwa umekwenda kifuani. "Mimi kwa vidole, daktari, ni kile kile. Tungoje hizo wiki tatu."

Mumewe alimwinamia, akamwambia kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Mama. Mwenyewe husemaje? Daftari halinenepi."

Miaka kumi na miwili Bi Futi alikuwa ameutumia msemo ule kuwanyamazisha wanawake waliojua miili yao kuliko yeye. Kila mmoja wao alikuwa amesimama mbele ya kioo kile kilichopasuka, akasema, "Mimi najijua, sijanenepa," na yeye akaweka kidole penye namba. Sasa alijua kile kidole kina uzito gani. Daktari alisema uvimbe uliokua hivyo heri utoke, na kwamba fomu iko pale. Bi Futi alitia sahihi yeye mwenyewe. Mkasi haukuwa umegusa kitu bado.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kama wanavyosema watu waliosimama nje. Kidonda hakikwenda vizuri, kiliota usaha wiki ya pili, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Mkono wa kushoto, ambao ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano, ulikataa kuinuka kwa miezi miwili na siku kadhaa. Sare za shule ya Mwalimu, kazi yake ya kila mwaka, zilikwenda kwa fundi mwingine. Mwalimu mwenyewe alimpelekea vitambaa, kwa masikitiko.

Nyumbani walifurahi. Mama mkwe alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu habari zianze. "Afadhali lile dude limetoka," alisema. "Roho zetu zimetulia." Na ni kweli zilitulia, zote za nyumba ile isipokuwa moja, ambayo haikuwa imeulizwa.

Bandeji ilipotoka kwa mara ya mwisho Bi Futi alisimama mbele ya kioo, akautazama mshono kwa jicho la kazi. Umevuta upande mmoja. Aliyeshona alikuwa na haraka na mwanga mbaya. Chini ya mshono palikuwa na bonde, na juu ya bonde ngozi haikuhisi kitu: alichomeka pini kwenye kijimto, pini ikapita, ikamgusa, akaona damu kabla hajajua. Bonde alilijaza kwa pedi ya bega la koti, aliyoikata na kuishonea ndani ya sidiria. Ilikaa vizuri sana. Mtu asiyejua asingejua.

Majibu ya maabara alikwenda kuyachukua peke yake. Karatasi moja. Si saratani, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Ukubwa wa uvimbe uliotolewa: sm 2.

Aliisoma karatasi kwenye benchi la hospitali, akaisoma tena akitembea. Alipofika kazini hakuvua viatu. Alichukua daftari, akafungua penye Mgeni, akazitazama zile namba sita. Tatu na nusu, tatu na nusu, tatu na nusu. Hapo tu ndipo alipoona jambo ambalo mwalimu wa hesabu, daktari na fundi mzoefu hawakuliona walipokuwa wameliinamia kwa pamoja: tangu mwezi wa kwanza hakukuwa na hata nywele moja ya tofauti. Uvimbe gani unarefuka kwa mwezi mmoja, kisha ukatulia mitano kama jiwe?

Moja na nusu. Nafasi ya mshono.

"Wifi."

"Abee."

"Siku zile, pale mezani. Tepu ilisoma ngapi?"

Wifi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliinua macho juu ya uzi. "Mbili."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Mbili kamili."

"Ukaandika tatu na nusu."

Uzi ulikosa tundu. Wifi alitazama daftari, kisha wifi yake, kisha mkono wake mwenyewe wa kulia, kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemng'ata mgeni.

"Si… si kipande kidogo? Vipande vidogo si tunaongeza…" Kisha, polepole, huku machozi yakianza, "Ile kadi ya hospitali mimi sikuwahi kuiona, wifi. Na wewe ulisema nisitaje. Ungeniambia tunaandika mwili."

Bi Futi alitafuta mtu wa kumkasirikia. Alianza na huyu aliyekuwa mbele yake, akaona vidole vile vile alivyovichapa na tepu mpaka vikatii. Moyoni akaenda kwa Mwalimu, akakuta msemo wake mwenyewe kinywani mwa mtu mwema. Akaenda kwa daktari kijana, akakuta aliwaambia mapema kuna hospitali nyingine na foleni ya wiki tatu. Akarudi kwa daktari mama, aliyesema vidole, basi. Kote huko alikuta alama za chaki, na chaki ilikuwa yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Hawakusema kwamba akishaingia, watu wa juu humshukuru kwa maji.

Jioni alimwonyesha mumewe karatasi. Mwalimu aliisoma mara mbili.

"Mbili," alisema. "Basi wamepima vibaya hao wa maabara. Siku hizi kazi hazifanywi kwa uangalifu." Akaikunja vizuri, akaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na nyingine. "Muhimu limetoka."

Bi Futi alitaka kumwambia. Alifungua kinywa, akaona jinsi itakavyokuwa: wifi atafukuzwa kabla ya chakula, mama mkwe atalia, na titi halitarudi lilivyokuwa. Alifunga kinywa. Lilikuwa jambo la pili aliloamua peke yake katika nyumba ile, na hilo hakuna aliyemshinda.

Wiki iliyofuata alikuja Mama Misumari na gauni mkononi.

"Limenibana, Bi Futi. Na safari hii sijala, naapa. Mwili wangu naujua."

Wifi aliinama kwenye cherehani. Bi Futi alinyoosha mkono kwenye daftari kwa mazoea, akaufikisha kwenye jalada, akauacha hapo.

"Labda kweli," alisema.

Mama Misumari alishtuka kuliko kama angetukanwa. "Unaumwa?"

"Nimepona. Simama tukupime upya."

Alizungusha tepu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukisaidia kadiri unavyoweza. "Kifua, mia moja na nne."

Penseli ya wifi ilisimama hewani. Tangu siku ile ya karatasi husimama hivyo kila mara, kwa kila mteja, kwa kola na kwa mfuko, hata pakiwa na foleni mpaka nje, na hakuna awezaye kuifanya iteremke mpaka swali liulizwe.

"Ya mwili, wifi, au ya nguo?"

Mama Misumari alicheka, akidhani ni utani mpya wa pale.

"Ya nguo," Bi Futi alisema. "Andika ya nguo."